Moshi wa Farasi

Nikisikia harufu ya moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, macho huniwasha kabla haujanifikia. Mzungu mtafuta dhahabu alipohama alimwachia baba farasi, baba akanipa mimi. Kazi yangu ilikuwa kumfukizia, mbung'o wasimuue. Lakini kila nilipowasha moto, alihamia penye upepo, na mbung'o nyuma yake.

"Mnyama wewe, unataka kufa?" nilimfokea, nikimfuata na kigae cha makaa.

"Mama Farasi," mama alicheka, "mwanao hasikii!"

Mwishowe nilichoka, nikaketi ndani ya moshi nikilia. Farasi akaja mwenyewe, akapiga chafya, akaniwekea kidevu kizito begani. Mbung'o wakatuacha. Nilipoinuka, naye akageuka kuondoka. Nikasonya, nikaketi tena.