Ubeti Uliobaki Butembo

Abigaëlle alikuwa na sauti nzito kwa msichana, na kwa miaka mingi aliionea haya. Shuleni wenzake walimwita "Papa Abi". Kanisani, pale mtaani Hewa Bora, alijificha mstari wa nyuma karibu na wanaume, akiimba pamoja nao chini chini, hadi mwaka Mama Martine alipochukua uongozi wa kwaya. Mama huyo alikuwa mwalimu wa sekondari. Wazazi wake walitoka Kasai zamani, yeye mwenyewe akazaliwa hapa Lubumbashi. Jumamosi yake ya kwanza na kwaya alisimamisha wimbo katikati, akanyoosha kidole.

"Weye, mutoto ya Mumbere. Imba weye pekee."

Abigaëlle aliimba. Alipomaliza, Mama Martine alikuwa amevua miwani.

"Kuanzia leo utasimama mbele," akasema. "Na kila Jumamosi, kisha ya kwaya, unakuya kwangu."

Kwake kulikuwa mtaa wa Karavia, nyumba yenye piano ya zamani ambayo baadhi ya vibao vyake havikulia tena. Hapo ndipo Abigaëlle alipojifunza kusoma noti, kuvuta pumzi kutoka tumboni, kuimba Kifaransa na hata Kijerumani bila kuelewa zaidi ya nusu ya maneno. Akamaliza sekondari, akapata cheti cha diplôme d'État, akaanza kumsaidia baba yake dukani. Alipima maharage, aliandika magunia ya mchele na madumu ya mafuta, alijibu wateja. Lakini mara nyingi mteja aliyekuwa akimwita ilimbidi aite tena, kwa maana msichana alikuwa amesimama na kalamu mkononi, macho yakiwa mahali pengine. Alikuwa amesikia kwenye simu mwanamke mmoja mwenye sauti nzito kama yake, akiimba na piano peke yake mbele ya watu walionyamaza kabisa. Tangu siku hiyo hakutulia. Si kwamba alitaka sifa. Alitaka mtu wa kumwambia sauti yake mwenyewe inafika wapi.

"Miye sina tena kitu ya kukufundisha," Mama Martine alimwambia siku moja, bila kuzunguka. "Nilichukua yote yenye nilikuwa nayo, nikakupatia. Sasa unahitaji bantu benye kujua kunipita."

Akamwonyesha tangazo. Chuo kikuu kimoja cha Afrika ya Kusini kilikuwa kinatoa bourse, yaani ufadhili wa masomo, kwa waimbaji wanaotaka kuingia mwaka wa kwanza. Mwombaji alitakiwa kutuma nyimbo mbili alizojirekodi. Wa kwanza uwe wa masomo, ulioandikwa kwa noti, na huo alikuwa nao. Wa pili uwe ule aliojifunza kutoka kinywani mwa mzee wa ukoo wake, kwa lugha ya ukoo huo. Si wa kanisani wala wa redioni.

Hapo Abigaëlle alikwama.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba yake, Mumbere, alitoka Butembo, mji wa milimani mbali kaskazini, kabla yeye hajazaliwa, akafuata ndugu zake waliokuwa wamekuja kufanya biashara Katanga, na hakurudi tena. Nyumbani alisema na binti yake Kiswahili tu. Kinande, lugha ya kwao, alikiweka kwa wafanyabiashara wenzake, kwenye simu, alipokuwa akiuliza bei. Abigaëlle alijua salamu na majina ya vyakula, basi. Wimbo hata mmoja hakuwa nao.

Alimwendea baba yake dukani, mchana, wateja walipopungua.

"Papa, unaweza kuniimbia wimbo moja ya kwetu?"

Mumbere akainua kichwa. "Kwetu wapi?"

"Butembo."

"Wimbo ya nini?"

Akamweleza habari ya bourse. Mumbere alisikiliza huku akifunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

"Miye niko commerçant, mutu ya kuuzisha," akasema mwishowe. "Zile nyimbo zilibakia na benyewe."

Abigaëlle hakubishana. Alimjua baba yake: neno likimgusa sana, hulifungia mahali kama anavyofunga magunia. Aliendelea kuhesabu madumu.

Hata kurekodi ule wimbo wa kwanza kulikuwa taabu. Hewa Bora haikujua kunyamaza. Kinu cha kusagia mahindi kilianza asubuhi, wachomelea vyuma wakafuata, kisha makanisa mawili yaliyotazamana yakawasha spika. Kule Karavia, jirani ya Mama Martine alikuwa anajenga. Tarehe ya mwisho ilipokaribia, Mumbere, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema wakati wa chakula:

"Keshokutwa niko naenda ku Kasomeno na camion ya mizigo. Dépôt ya kule, ya kuweka magunia, iko tupu, tuliuzisha yote. Hakuna kelele. Kama unataka, panda."

Waliondoka alfajiri. Barabara ya kwenda Kasenga, inayopitia Kasomeno, ilikuwa na vumbi jekundu. Kasomeno walimwacha dereva wao sokoni akipakia samaki wakavu, wakaenda depo. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, paa la bati, ndani hamna kitu ila kreti mbili, harufu ya maharage na mwanga uliopenya kwenye matundu ya misumari. Abigaëlle alipiga kofi moja kujaribu. Sauti ikazunguka, ikarudi taratibu, kama mtu anayejibu baada ya kufikiri.

Akaweka simu juu ya kreti, akaimba wimbo wa masomo. Aliuimba mara mbili. Ya pili ilimfurahisha. Kisha akakaa chini sakafuni, kwa kuwa lingine la kufanya hakuwa nalo.

Mumbere alikuwa mlangoni, akikunja turubai la gari. Labda ni ule ukimya, labda ni sauti ya binti yake iliyokuwa bado ukutani. Alianza kuguna, kwanza bila kujua, kama watu wanavyoguna mikono ikiwa na kazi. Abigaëlle alibana pumzi ili asimshtue. Baada ya muda mguno ukawa maneno.

"Papa," akasema polepole, "ile ni nini?"

Mumbere akasimama na turubai mikononi. "Ni ya mama yangu. Kyakimwa. Bamama balikuwa banaimba wakati ya kupalilia, kule ku mulima, asubuhi na baridi. Ukungu ilikuwa inafunika kila kitu. Miye nilikuwa mudogo, sikuwa namuona, nilikuwa namufuata ku sauti."

Hakuwa amewahi kumwambia binti yake maneno mengi hivyo kuhusu Butembo. Abigaëlle alimsogezea kreti ya pili. Baba yake akakaa, akaimba. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na miaka ya kuita wabebaji mizigo, lakini ilikuwa nzito, ikishuka bila shida hadi mahali ambapo binti alifikiri ni yeye peke yake anapafahamu. Abigaëlle aliona haya kwa kutomjua baba yake. Miaka yote hiyo walikuwa wamekaa meza moja.

Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili. Kwenye wa tatu Mumbere akakwama. Akarudi nyuma, akauanza upya, akakwama palepale.

"Hapa kulikuwa maneno," akasema.

Akajaribu tena, macho yamefumbwa. Hapana. Wimbo uliendelea kichwani mwake bila maneno, kama njia unayoijua kwa miguu tu.

"Niliisahau, Abi. Ii wimbo niliijua mbele ya kujua kusoma. Nimeisahau."

Akajifuta uso kwa ncha ya turubai. Walipiga simu Butembo, kwa jirani ambaye Kyakimwa hutumia simu yake. Haikupita. Walipiga tena na tena. Mtandao wa kule ulikuwa umekatika, na habari za usalama za upande ule hazikuwa nzuri siku hizo. Jua lilipoanza kuinama dereva alipiga honi.

Abigaëlle akasimama katikati ya depo. Baba yake alimpa maana ya kila neno, akamrekebisha matamshi, na yeye akaimba beti mbili za bibi yake. Alipofika kwenye wa tatu hakubuni kitu. Aliguna sauti ya wimbo tu, mdomo umefungwa, hadi mwisho. Hivyo ndivyo alivyoutuma.

Majuma yakapita. Aliitwa kwenye mahojiano ya video, akayafanyia sebuleni kwa Mama Martine. Walimu watatu walitokea kwenye kioo. Waliuliza juu ya masomo yake, wakamwimbisha ngazi za sauti, kisha mmoja, mwanamke mzee mwenye nywele fupi, akamwuliza kwa Kifaransa kwa nini aliacha maneno kwenye ubeti wa mwisho. Ilikuwa ni mtindo?

Mama Martine, aliyekaa pembeni asionekane, alimwashiria kwa kichwa: sema ndiyo, sema ni mtindo.

"Hapana," Abigaëlle akajibu. "Maneno anayo bibi yangu. Sijawahi kumwona. Yuko mbali, na njia ya kumfikia ni mbaya. Baba yangu ameyasahau. Nikiyapata nitayaimba."

Yule mwanamke akaandika kitu. Wakamshukuru, kioo kikawa cheusi.

"Ungesema tu ni style," Mama Martine akanung'unika, lakini alimkumbatia muda mrefu.

Jibu halikuja upesi, na kungoja kulimkondesha Abigaëlle. Kilichokuja kwanza ni sauti kutoka Butembo. Mtandao ulikuwa umerudi, na yule jirani alikuwa amemsikilizisha Kyakimwa rekodi ya depo waliyomtumia, pamoja na ombi lao. Mumbere alifunga duka mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mazishi ya marafiki, wakakaa wawili kati ya magunia wakasikiliza.

Kyakimwa aliimba wimbo wote, bila haraka, akikohoa katikati. Kwenye ubeti wa tatu Mumbere alikunja uso, kisha akapasuka kwa kicheko ambacho binti yake hakuwahi kukisikia.

"Anasema nini? Papa, anasema nini?"

"Anasema..." Alishindwa, akaanza upya. "Anasema ule wa kupika amechelewa, bamama beko na njaa, kama ugali haikuye sasa batakula majani yenye kupalilia."

Abigaëlle alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa jina la marehemu, kwa jambo zito linalostahili kusahauliwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea peke yake. Mwishoni mwa ujumbe bibi alisema na mwanawe, na Mumbere akamtafsiria: wimbo alioutuma mtoto ameusikia, ni mzuri, ila unakimbia mno, jembe halikimbii hivyo.

Bourse aliipata mwishoni mwa mwezi uliofuata. Kwaya ilimwimbia, Mama Martine alilia hadharani, na Mumbere alimsindikiza hadi kwenye basi la kwenda kusini, akamkagulia sanduku kama anavyokagua mzigo, kamba kwa kamba. Alisema, "Ukifika, sema," akageuka haraka.

Sasa Abigaëlle yuko mwaka wa pili chuoni. Amepata alichokitaka: walimu wanaojua sauti yake inafika wapi, na kila muhula wanaishusha chini kidogo zaidi. Lakini hamu haikwisha, ilihama tu. Zamani alitamani kuondoka, siku hizi anatamani mlima ambao hajaukanyaga. Kila likizo inapokaribia anamwuliza baba yake kama njia ya Butembo imefunguka, na kila mara Mumbere hujibu kwamba bado, mama, tuone mwaka kesho.

Kyakimwa naye, aliyekuwa akimtumia nyimbo nyingine kwa simu, ameacha. Anasema hataki tena kufundisha mtu asiyemwona mdomo. Siku hizi hutuma maswali, na Mumbere huyatafsiri. Mtoto ni mrefu kiasi gani? Vidole vyake ni vya nani, vya mama yake au vya kwetu? Akicheka, je, hufunika mdomo kwa mkono?

Abigaëlle hujibu yote, moja baada ya lingine. La kicheko hakulijua. Ilimbidi aulize wenzake wa chuoni, wanaomwona akicheka.