Tochi Niliyoilaza Chini Makote

Sikuwa na homa, sikuwa usingizini, na pombe sijaionja tangu mama anizae. Naanza hivyo kwa sababu kila nikisimulia habari hii pale Masasi, hakosi mmoja wa kuniuliza siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi kwa mdogo wangu, basi. Mengine niliyaona kwa macho haya haya, na mwisho wake waliuona watu tele wa Makote. Ukitaka kubisha, kabishane na wao.

Kwanza unijue. Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni kufufua tochi. Si hizi za plastiki zinazokufa kabla ya betri zake. Nasema zile tochi ndefu za chuma za wazee wetu, za betri kubwa tatu, ambazo ukimgusa nazo mbwa mara moja harudi tena uani kwako. Watu wanazo darini zimeota kutu, wanadhani zimekwisha. Niletee mimi. Globu yake ya zamani, yenye mwanga wa njano uliochoka, naing'oa. Mahali pake naweka kitaa cheupe ninachokitoa kwenye taa ya mbele ya bodaboda. Betri nachomoa kwenye laptop mbovu, maana ndani yake hazikosekani chache zilizo hai. Chini ya kitaa nabandika kipande cha shaba ili joto lipate pa kukimbilia, la sivyo kitaungua hapo hapo. Halafu kuna ile springi ya kitakoni, ambayo inabana umeme kama bahili. Nalehemu waya mnene juu yake, na hapo ndipo tochi inapoamka. Kile kikombe cha kung'aa cha ndani sikigusi kwa kidole hata siku moja, kwa sababu ndicho kinachoutupa mwanga mbali. Nikimaliza kazi, ukisimama nayo sokoni Masasi unamulika mawe ya mlimani. Najigamba? Ndiyo, najigamba, na nina haki.

Sasa mdogo wangu, Mama Fadhili, aliolewa Makote, kule juu Newala. Mumewe alifariki, akamwachia watoto na shamba la mikorosho ambalo naye alirithi kwa baba yake, marehemu Mzee Chitanda. Arobaini haijapoa, jirani akaanza. Kwanza alipalilia mstari mmoja usio wake. Kisha akasema mpaka unapita katikati ya shamba, na ile mikorosho mikubwa yenye kuzaa yote ni yake.

Ushahidi uko wapi? Kila mtu alijua kwamba Mzee Chitanda enzi za ujana wake alipandisha tuta la mpaka kwa jembe, akapanda mananasi juu yake. Lakini moto ulipita ukala mananasi, mvua zikalishusha tuta, majani yakafunika. Wote walijua lipo, hakuna aliyejua lilipo. Na baraza la ardhi lilikuwa linakuja kesho yake kukagua.

"Dada, wakija wakaona majani matupu, nimekwisha," mdogo wangu aliniambia huku akinimiminia chai. "Hawa watoto nitawalisha nini?"

Niliumia, sikufichi. Nilikuwa nimempelekea tochi ya marehemu mkwe wake, ambayo mdogo wangu alikuwa amenipa niifufue, nikitegemea tutacheka na kuijaribu. Hapakuwa na wa kucheka.

Halafu akapunguza sauti, akanieleza jambo jingine. Tangu matanga yaishe, kuna mtu anatembea shambani jua likizama. Waokota korosho hawakai tena baada ya alasiri. Waliojaribu kummulika walisema mwanga wa tochi zao uliishia hatua chache mbele, kama umemwagiwa masizi. Wakasema ni ndondocha, yaani mtu aliyechukuliwa na wachawi watu wakadhani kafa, kumbe analimishwa gizani. Jirani aliyapenda sana maneno hayo. Alikuwa akiwauliza watu, shamba lenye mauzauza mjane analitakia nini?

"Mwanga wangu mimi auzime nani?" nikamwambia mdogo wangu. Kiburi cha fundi hicho. Magharibi ilipopita nikaichukua tochi, nikaingia shambani. Mama Fadhili alibaki mlangoni akisoma dua zote alizozijua.

Niamini, mwanzoni nilikuwa nafurahia. Tochi ilikuwa inachana giza hadi mwisho wa shamba, mikorosho inaonekana jani kwa jani. Nikageuza mkono upande wa kushoto, na hapo nikamwona.

Alikuwa mzee, amenipa mgongo, miguu mitupu, jembe begani. Mwanga ulimpiga mgongoni sawasawa. Mkorosho wa kulia kwake ulikuwa na kivuli, wa kushoto ulikuwa na kivuli, hata jani lililoanguka lilikuwa na kivuli chake. Yeye hakuwa nacho. Unaniuliza kwa nini sikukimbia? Miguu yako ingekubali? Yangu ilikataa.

Akageuka. Nikamtambua, maana nilimsalimia kwa mikono miwili siku ya harusi ya mdogo wangu. Mzee Chitanda mwenyewe, na lile jicho lake moja dogo kuliko jingine.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu sikukifanya kwa akili. Kwetu, kummulika mkwe usoni ni tusi. Mwanamke aliyelelewa akikutana na mkwe, hata kama ni mkwe wa mdogo wake, hupiga goti, na alichoshika mkononi hukiweka chini kwanza. Malezi hayajui hofu. Goti likaenda lenyewe, tochi nikailaza mchangani, nikasema, "Shikamoo, mkwe."

Akaitika, kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Marahaba, mwanangu."

Akaanza kutembea. Hakunijia mimi. Alitembea kufuata mwanga wa tochi iliyolala, taratibu, kama anakagua kazi yake, nami nikamfuata kwa macho. Ndipo nilipoliona tuta.

Mchana jua liko juu, kila kitu chini linakilaza sawa. Hata tochi ukiishika mkononi ni hivyo hivyo. Lakini mwanga mkali ukiuweka chini kabisa, unaparuza ardhi, na kila kilichoinuka kidogo kinatupa kivuli. Mbele yangu palikuwa na mstari mweusi umenyooka kati ya mikorosho, kutoka nilipopiga goti hadi mwisho wa shamba, na mikorosho mikubwa yote ilikuwa upande wa mdogo wangu. Globu ya zamani isingefika hata nusu. Mzee alitembea juu ya mstari ule mpaka ulipoishia, na alipofika mwisho sikumwona tena.

Nilipiga ukelele mpaka Mama Fadhili akaja mbio bila viatu. Aliuona mstari, akaniangukia kifuani akilia. Nilipomweleza yaliyonipata aliuliza neno moja tu, "Alikuwa na jembe?" Nikamwambia, begani. Akakaa chini palepale.

Asubuhi baraza likaja. Jirani alivaa shati la kupigwa pasi kana kwamba anakwenda kuoa. Tukazunguka shamba zima juani, na wallahi hata mimi sikuliona tuta. Majani matupu. Jirani akacheka.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba mrudi magharibi."

"Mama, sie tunatafuta mpaka, hatukuja kutazama sinema."

"Basi mpaka wenyewe hauonekani mchana. Mkirudi msiuone, mpeni shamba lote."

Mdogo wangu alinifinya mkono nusura anitoe ngozi. Watu waliangua kicheko, lakini neno lile liliwavuta, na giza lilipoingia walirudi, nyuma yao nusu ya Makote. Nikapiga goti mahali palepale, nikailaza tochi, nikawasha.

Tuta lilikuwa limelala mbele yetu wazi, na mwenyekiti akavua kofia, akalitembea mwanzo hadi mwisho akilipapasa kwa mguu. Jirani akasema hiyo ni njia ya mchwa. Ndipo mama yake mzazi, bibi wa mkongojo, alipopenya katikati ya watu akasogea mbele.

"Usiniaibishe basi, mwanangu!" akamwambia. "Tuta hilo baba yako na Chitanda walilipandisha pamoja. Uji wao niliupika mimi."

Weee! Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika ng'ambo ya Ruvuma. Mwenyekiti alitangaza mpaka papo hapo, vijana wakachomeka miti juu ya tuta, na mdogo wangu alibebwa juu juu kama bibi harusi. Nami nilicheza. Goti nililompigia mkwe jana yake ndilo lililonichezesha.

Mzee hajaonekana tena. Waokota korosho wanakaa hadi jua linazama, na mwenye shamba ni Mama Fadhili, hana wasiwasi. Mimi ndiye niliyebaki na jambo. Hadi leo siwezi kuwasha tochi gizani bila kutoa salamu kwanza, hata nikiwa peke yangu chooni. Wateja wananicheka. Wacheke, salamu haijamuua mtu.

Kwa hiyo ukimkuta mtu usiyemjua shambani jua limezama, usimmulike usoni. Msalimie. Na wewe unayenyatia shamba la mjane kwa sababu mashahidi wamekufa, nakuonya kwa upendo: baadhi yao bado wanatembea. Tochi zangu sasa zipo Makote, zipo Lukuledi, zipo Nanganga, na kila mwanamke ninayemuuzia namfundisha kupiga goti.