Déborah Alivyodhaniwa Mwizi wa Jina Lake

Ninayoandika hapa hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo na mpaka leo sijaelewa vizuri.

Mpwa wangu Déborah, ninayeishi naye Minto, huku ughaibuni, anatunza wazee mji wa jirani, Campbelltown. Zamu zinatangazwa kwa simu. Ukichelewa kujibu, anapewa mwingine. Novemba 2021, lokdauni ya korona imelegezwa, akapata ujumbe: jaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni ya udereva upate cheti cha chanjo. Akajaza. Kesho yake simu ikakosa mtandao. Tukapigia kampuni ya mtandao kwa simu yangu. Wakasema laini imehamishiwa kadi nyingine na mwenyewe, aliyetaja jina na tarehe sahihi.

"Mwenyewe ni mimi," Déborah akasema.

"Una hakika?" nikamtania.

Hakucheka. Zamu mbili zilikuwa zimempita, na msimamizi alishasema ya tatu ikimpita anamfuta kwenye orodha.

Mimi, niliyeacha shule darasa la tano na bado nawazidi wenye diploma, nikampa shauri: tarehe yako ya makaratasi wezi wanayo tayari, tukifika duka la kampuni usiitamke, taja ile nyingine.

Maana Déborah ana tarehe mbili. Dada yangu alimzaa tisa Machi. Karani wa kambi ya wakimbizi, kwa kuwa hatukuwa na cheti cha kuzaliwa, akamwandikia Januari mosi, kama alivyowaandikia majirani zetu karibu wote.

Dukani muuzaji akauliza tarehe.

"Tisa Machi," Déborah akajibu.

Muuzaji akatazama skrini, akamtazama yeye. "Mama, hii siyo tarehe ya mwenye laini. Wewe ni nani?"

Yaani mwizi amepatia, mwenyewe amekosa siku aliyozaliwa! Nikaanza hata mimi kumtilia shaka mtoto niliyembeba mgongoni.

Déborah akatoa leseni, akashusha barakoa. "Januari ni ya kambi. Machi ni ya mama yangu. Uso ninao huu mmoja."

Wakalinganisha picha, wakarudisha laini, wakamwekea neno la siri ambalo mimi nimekatazwa hata kuuliza. Zamu ya tatu ikaingia akiwa bado kaunta, akaijibu hapo hapo.

Lakini mnadhani muuzaji alilainika kwa picha tu? Nilipiga kaunta ngumi moja, wakaja walinzi wanne, wawili nikawabana kwapani, wa tatu nikam—

"Mjomba," anasema Déborah, anasoma nyuma ya bega langu, "futa hapo. Ulikuwa nje ya mlango, walikukatalia kuingia bila barakoa."