Kumtafuta Babu Katika Daftari la Injinia

Mama hakuwahi kumsomea babu hitima, kwa sababu wakati wa Vita Vikuu vya Pili barua ilitoka melini kusema ametoroka. Aliyetoroka huenda yu hai na ana mke mwingine, alisema mama, na mtu hai hasomewi hitima. Babu alikuwa mchoma makaa kwenye meli ya kivita ya mvuke, na mama alikuwa bado ananyonya. Mwaka huu Mama Furaha, fundi cherehani mzaliwa wa Lubumbashi anayempangisha binamu yangu chumba Johannesburg, na aliyesimuliwa naye habari za babu, alinipigia simu: bibi mmoja, mteja wake wa nguo, ana daftari la baba yake, injinia wa meli ileile. Nikafunga mkoba.

Tanga hadi Johannesburg kwa basi ni siku nne za kukunja miguu. Tunduma, mpakani mwa Zambia, nilikuwa bado mcheshi. Mimi ni fundi wa injini za meli, nikamwambia dereva injini yake inakohoa. Akaniambia nikakae. Kufika Beitbridge, mpakani mwa Afrika Kusini, nilikuwa nasugua magoti tu.

Asubuhi, nyumbani kwake Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, Mama Furaha alinipa bukari, ndio ugali wa kwao, na sombe ya majani ya mihogo, akaiangalia mikono yangu yenye weusi wa grisi, akanirudisha bombani mara mbili.

Alasiri tulifika mtaa wa jirani, Turffontein, kwa yule bibi. Naye aliikagua mikono yangu kabla ya kunipa daftari. Injinia aliandika kila kitu. Kabla ya chai alipapasa beringi kwa kiganja huku mashine inazunguka, ajue ipi imepata moto. Nguo alifulia maji ya boila, mayai alichemshia kwenye mvuke, na supu ya mbaazi aliilaani ukurasa baada ya ukurasa. Nilicheka peke yangu, maana malalamiko hayo nayajua.

Kisha nikakuta jina la babu. Kule chini kwenye makaa, anayemaliza zamu haegemezi beleshi ukutani. Humkabidhi mwenzake mkononi, ndipo aondoke; anayeliacha tu huhesabiwa ameikimbia kazi. Injinia aliandika: “Salimu amekabidhi beleshi, amepanda juu kuvuta hewa. Wimbi limefagia sitaha. Hajarudi.” Meli ilipotia nanga, mabaharia watatu walitoroka, na karani wa meli akamjumlisha babu humohumo. Injinia alibishana naye, akashindwa.

Nililia, sioni haya kusema. Bibi alinisogezea biskuti, akaniruhusu nipige picha ukurasa ule. Daftari lenyewe, alisema, halitoki nyumbani.

Njiani kurudi Rosettenville, Mama Furaha alisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikawaka kijani, asivuke.

“Sasa muko na mufu wenu, kaka,” alisema. “Muende mukamulilie.”

Tanga, nilimsomea mama ukurasa ule kwa Kiswahili, nikamweleza desturi ya beleshi. Aliuliza jambo moja tu.

“Alikabidhi?”

“Alikabidhi, mama.”

“Basi nimemsusia baba yangu bure.”

Nimejifunza kwamba barua yenye mhuri nayo huweza kumsingizia mtu, na kwamba masikitiko hayachakai kwa kucheleweshwa. Ijumaa tulisoma hitima. Mama, mwenye miaka themanini na ushei, alikaa mkekani akipokea pole, analia kama mtoto aliyefiwa jana.