Kisiwani Hakuna Anayetungoja

Kwa Léontine, safari ilikuwa kwenda kwa mtu. Kwao Uvira, kando ya ziwa, mtu alipanda gari kwa sababu ya msiba, harusi au mtoto aliyezaliwa, na mwisho wa njia palikuwa na mtu anayechungulia barabarani. Kwa hiyo mwaka 2009, mumewe Firmin alipoleta habari nyumbani kwao Hagsätra, katika nchi ya Waswidi, kwamba likizo ya shule ya mwezi wa kumi wangekuwa kwenye kisiwa cha Krete, aliuliza swali moja tu.

"Tunaenda kwa nani?"

"Kwa bahari, mama. Kupumzika."

"Kule hatuna mutu, Firmin."

"Wasuedi wanaenda kila mwaka. Unafikiri wana shangazi kule?"

Binti yao Précieuse, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alicheka mpaka akashika tumbo. Léontine hakucheka. Mara moja tu maishani aliwahi kufika mahali bila kungojwa na mtu, na hapo palikuwa kambi ya wakimbizi. Akatia sandukuni pakiti mbili za kahawa na kitenge kipya.

"Vya nani?" Firmin akauliza.

"Vya mwenye nyumba tutakayofikia."

"Si tumemlipa!"

"Umemlipa. Hujamsalimu."

Kisiwani jua lilikuwa bado kali. Mwenye nyumba, mama mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi, aliwanyooshea ufunguo. Léontine hakuupokea. Kwanza alipiga goti kidogo, akampa kahawa na kitenge kwa mikono miwili.

"Sluta, mamma," Précieuse alinong'ona kwa Kiswidi, akitaka mama yake aache.

Yule mama alikitazama kitenge, akamtazama Léontine. Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Firmin akakohoa. "Nilikuambia."

Léontine alibaki uani, mikono mitupu.

Mlango ukafunguka. Mama alitoka na sahani ya makomamanga yaliyopasuliwa, kitenge kikiwa mabegani. Nyuma yake walikuja dada zake wawili, kisha mumewe, akifunga vifungo vya shati mbiombio kama aliyeambiwa kuna wageni. Wakavuta viti.

Asubuhi yule mama akawagongea, akawapandisha mlimani kwenye mizeituni ya ukoo wao. Nyavu za kupokea zeituni zilikuwa zimetandazwa chini.

"Tumelipa kupumzika, sasa tunavuna," Firmin akanung'unika, huku akikunja mikono ya shati.

Léontine hakumsikia. Mbele yake ulisimama mzeituni wenye shina lililopasuka hata Précieuse akaingia ndani yake mzima mzima, na bado juu ulikuwa unazaa. Ng'ambo ya matawi kulikuwa na bahari. Ziwa la kwao lilikuwa na milima upande wa pili. Hii haikuwa na upande wa pili. Ilikwenda tu, buluu, mpaka ikawa mbingu. Aliweka kiganja kwenye gome, akakiacha hapo.

Majirani wakaanza kufika mmoja mmoja. Kila aliyefika, mama alimshika mkono, akamwonyesha mgeni wake na kumtajia jina: "Leontini."

Alipolitaja mara ya tatu, Léontine alikaa chini, akavua viatu, akanyoosha miguu.