Alivyoongea na Lori

Usiku ule nililala nimegeukia ukuta. Mimi na mume wangu tulikuwa tumebishana tangu asubuhi juu ya giaboksi ya lori letu, na tulipochoka kubishana tulinyamaziana, jambo ambalo ni baya zaidi.

Lori lilikuwa gereji, Uyole. Gia ya tatu ilikuwa inaruka yenyewe kila tukipanda mlima, na chini ya miguu kulikuwa na mlio kama wa mtu anayesaga mahindi yenye mchanga. Fundi Lusajo alitupa njia mbili. Tungoe ile giaboksi tuweke nyingine, iliyotumika, aliyoiona kwa muuza vyuma. Au aifungue hiihii, atoe vilivyokufa, aifunge upya. Alitaka jibu kesho yake, maana ile ya muuza vyuma ilikuwa na mteja mwingine.

Mimi nilitaka tubadilishe. Viazi vya akina mama wa kikundi chetu vilikuwa vimeshaanza kuchimbwa, na walikuwa wametuamini tuvifikishe sokoni. Vikilala shambani na mvua ile, vinaoza, na msimu ujao watamtafuta mwenye lori lingine. Sisi hatuna kazi nyingine.

Mume wangu alikataa. "Baba aliifunga kwa mikono yake," alisema. "Siitupi."

"Baba yako hatabeba viazi," nilimjibu.

Lusajo aliweka spana chini. "Shemeji, hapa ni gereji, si baraza la ndoa. Mkipatana, mnipigie."

Basi nikalala hivyo.

Kabla sijasimulia ndoto, nieleze kidogo juu ya baba mkwe, maana bila hilo haitaeleweka. Kwetu Tukuyu, kwa familia zinazoshika mila kama ile niliyoolewa, mwanamke haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, akimwona njiani anapita pembeni. Niliishi kwenye uwanja wa yule mzee miaka mingi, na uso wake naujua kwa picha ya ukutani tu. Lakini ni yeye aliyenifundisha lori. Alikuwa anainama kwenye injini, mimi nimesimama nyuma ya tairi la nyuma nimempa mgongo, naye anasema na lori kwa sauti ya kutosha. "Binti, ukishuka mlima usiachie gia." "Binti, usiwashwe ukaondoka hapohapo, pata moto kwanza." Mimi nasikiliza, naondoka, nafanya. Hakuna aliyevunja mila, na mimi nikawa dereva.

Sasa, ndotoni, nimesimama nyuma ya tairi lile. Mvua inanyesha uwanjani lakini hainilowanishi. Chini ya lori naona buti zake za mvua, ile ya kushoto ina kiraka cha mpira wa tairi alichokibandika mwenyewe. Sishangai kwamba yupo ilhali alishafariki. Ninachowaza ni kwamba nimechelewa kumwekea maji ya kunawa.

Kisha si uwanjani tena, ni jikoni kwangu. Giaboksi imekaa juu ya mafiga matatu, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Mume wangu yuko upande mmoja, mimi upande mwingine, tunasemezana kwa nguvu ila sauti hazitoki. Mzee ameingia kwa mlango wa nyuma, ametupa mgongo wote wawili, kofia yake ya sufi kichwani. Anaisemesha giaboksi kwa upole.

"Binti, watu wanagombania dawa yako, na hakuna aliyekufunua shuka."

Akavuta shuka, akainua kifuniko, na ndani hakuna meno wala vyuma. Ni chungu changu cha ndizi. Naona mkono wake tu, mkono mkavu wenye mafuta meusi kwenye kucha, unachota kwa mwiko. Ndizi za chini zimeiva, laini, zinang'aa kwa mchuzi. Za juu zimekauka na kuungua pembeni, kwa sababu mchuzi haukuzifikia na hakuna aliyegeuza chungu.

Kabla sijauliza, tuko barabara ya Igawa. Lori letu linavutwa kwa mnyororo, injini imezimwa. Hiyo ilitokea kweli, mwezi uliopita, pampu ya dizeli ilipokufa na mume wangu akarudishwa akiwa amevutwa hadi Uyole. Mimi sikuwapo, lakini katika ndoto nimo, natembea kando ya lori na wala sichoki. Mzee yuko mbele yangu. Anainama huku anatembea, ananyoosha kidole chini ya lori, pale chuma kirefu cha propela, kinachounganisha giaboksi na magurudumu ya nyuma, kinapozunguka, kinazunguka, kinazunguka.

"Binti," anasema, "injini imelala. Nani anamrushia mafuta yule wa juu?"

Hapo nikaelewa, kama mtu anayewashiwa taa chumbani. Ndani ya giaboksi mafuta hulala chini. Mhimili wa chini huchovya humo, na injini ikiuzungusha huyarusha juu, yakamlowesha mwenzake. Lori likivutwa injini imezimwa, wa chini anasimama, lakini magurudumu yanaendelea kumzungusha wa juu, mkavu, kilomita kwa kilomita. Ndiyo maana mafundi wazuri hufungua propela kabla ya kuvuta.

Nilitaka kumuuliza, na mila hairuhusu. Nikaweka kiganja kwenye tairi, nikaliambia tairi, "Je, tubadilishe au tutengeneze?"

Nikasikia anacheka, kicheko kifupi cha puani. Akajibu akiwa ameligeukia lori:

"Binti, ukifunguliwa utasema mwenyewe. Meno yakiwa mazima, utibiwe. Kasha likiwa limepasuka, utolewe, na pasiwe na wa kulia kwa ajili yangu."

Buti zikaanza kuondoka. Nikageuza uso kama inavyonipasa, nikasikiliza kiraka kile kikipiga tope, hadi nikasikia mvua peke yake, na mvua ilikuwa juu ya bati letu, na kulikuwa kumepambazuka.

Mume wangu alikuwa macho, anatazama dari.

"Baba Neema."

"Mm."

"Siku ile mlivyovutwa kutoka Igawa, mlifungua propela?"

Aliketi kitandani, akajikuna shavu.

"Mvua ilikuwa kubwa," alisema. Kisha, "Hatukufungua."

Nikamsimulia yote, chungu, mnyororo, na yale maneno ya kutolewa bila kulia. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika mwisho aliuliza, "Alikuita nani?"

"Hakuniita. Alikuwa anaongea na lori. Analiita binti, kama siku zote."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu lori lifike gereji akacheka, kicheko kilekile cha puani.

"Siku zote zipi? Nikiwa mimi na yeye tu, lile lori alikuwa analiita punda."

Nilikaa nikiwa nimeshika ncha ya blanketi. Miaka yote ile nilidhani ni kwa bahati nzuri tu nasikia yasiyonihusu.

Mume wangu alishachukua simu. "Fundi, umeamka? Usiinunue ile ya muuza vyuma, na hii usianze kuitengeneza. Fungua kifuniko tu, tunakuja tuitazame pamoja. Angalia mhimili wa juu." Akasikiliza. "Ndiyo, tumepatana." Akasikiliza tena, akanigeukia. "Anauliza nani kashinda."

"Mwambie bado haijafunguliwa," nilisema, nikashuka kitandani kutafuta viatu vyangu vya mvua.