Siku Tuliyobadilishana Mitumbwi

Ko! Ko! Ko! Sauti ya kasia likigongwa kwenye ubavu wa mtumbwi bado naisikia mpaka leo. Mvuvi mmoja mzee alikuwa akitutangulia majini pale Katunguru, anagonga hivyo ili viboko wajue tunapita. Nao viboko walimjibu kwa kukoroma, kama watu walioamshwa kabla usingizi haujaisha. Sisi wasichana tuliokuwa nyuma yake tulicheka mpaka makasia yakagongana.

Nilikuwa darasa la saba, na masomo yangu hayakuvuka hapo. Kwetu ni Bwera, milimani, ila mwaka ule nilikaa kwa mama mdogo, aliyekuwa akikausha samaki kando ya mfereji wa Kazinga. Kabla ya hapo maji niliyoyazoea ni ya mtungini. Lakini niliposikia kwamba shule yetu itashindana mitumbwi na shule nyingine mwisho wa muhula, nilianza kuota mchana kweupe. Niliwaona watu wamejaa darajani wanapiga vigelegele, na mama ameshuka kutoka Bwera juu ya lori la pamba, amevaa gomesi lake la Jumapili, anauliza kila mtu, "Mumemuona wangu?"

"Huyu mutoto iko wapi?" mama mdogo aliniuliza samaki wakiungua. "Mwili iko hapa, roho iko kwa maji!"

Mtumbwi ulibeba wasichana sita, na waliotaka kuingia tulikuwa mara mbili ya hapo. Mitumbwi yenyewe ilikuwa miwili, yote ya mkubwa wa wavuvi, na binti yake alisoma na sisi. Basi kila mtu alijisemea moyoni kwamba nafasi moja imeshakwenda. Binti huyo alikuwa na mabega mapana na mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza alinikuta nimeshikilia kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili.

"Wewe wa mulima," akasema, "hii si mbuzi. Achia masikio yake!"

Nilimpenda tangu siku ile. Ndiyo shida yenyewe.

Mwalimu wetu hakutaka kuambiwa nani ana nguvu. Siku ya kuchagua alitugawa katika mitumbwi yote miwili, tukashindana kutoka kwenye matete mpaka karibu na daraja. Halafu akapiga filimbi: "Wewe na wewe, badilishaneni!" Msichana mmoja wa mtumbwi huu akahamia ule, wa ule akaja huu, wengine wote wakabaki walipo. Tukashindana tena. Mtumbwi ukiongeza mwendo baada ya kubadilishana, aliyeingia ndiye aliyeuongezea. Kisha wawili wengine, kisha wengine.

"Sasa unamupima nani, mwalimu?" tukamwuliza.

"Sisemi. Ukijua, utamtegea adui yako, uvute kasia kivivu ashindwe."

Basi kila mmoja alidhani anayepimwa ni yeye, akapiga kasia mpaka macho yakamtoka. Hata mitumbwi alituamuru tubadilishane, kwa sababu mmoja ulikuwa mwepesi zaidi.

Jua lilipokuwa kali, mtumbwi wa binti yule ulitushinda kwa urefu wa mkono tu. Filimbi ikalia. Mwalimu akaninyooshea kidole mimi, kisha yeye. Tulipopishana kwenye maji ya magotini, alinirushia maji usoni akacheka. Nikakaa mahali pake pangali na joto. Niliutazama mgongo wa aliyekuwa mbele yangu: akiinama nainama, akivuta navuta. Nyumbani Bwera tulitwanga muhogo dada watatu katika kinu kimoja, na ukichelewa kidogo tu unagonga mchi wa mwenzio. Mwili wangu ulijua kungoja na ulijua kuingia. Nilipogeuka, mtumbwi wa akina binti yule ulikuwa mbali nyuma yetu.

Mwalimu aliwataja sita. Mimi nilikuwa wa mwisho. Binti wa mkubwa wa wavuvi hakutajwa.

Sote tulimtazama baba yake, aliyekuwa amesimama ufukweni tangu asubuhi. Akisema neno moja tu, mitumbwi inarudi kwake na mashindano hatuna.

"Mwalimu," akasema, "unajua mutumbwi ni ya nani?"

"Najua, mzee."

"Na huyu ni mutoto ya nani?"

"Najua pia."

Mzee akatazama maji, akamtazama binti yake. "Wenzake walimutegea?"

"Hawakujua nampima nani, mzee. Hata yeye hakujua."

Mzee akacheka, kicheko cha kifua kizima. "Mama, unapiga kasia kama uko peke yako," akamwambia binti yake. "Ni mimi nilikuharibu, nilikuachia mutumbwi peke yako toka udogo. Mwalimu, chukua mitumbwi. Na umuweke huyu pembeni ajifunze kungoja wenzake."

Binti yule alifuta macho kwa kiganja. Nilitaka kuruka, nilitaka kupiga yowe, lakini nikaibana furaha mdomoni kama maji ya moto. Alikwenda na baba yake, na walipofika juu kwenye njia akageuka.

"We wa mulima! Mukishindwa, nakupa kiboko akule!"

"Kiboko anakula majani!" nikamjibu.

"Atajifunza!"

Wasichana wote wakaangua kicheko, wakatawanyika makwao. Nikasema nabaki kuosha miguu. Niliwangoja mpaka sauti zao zikaisha kabisa. Halafu nikapanda kwenye mtumbwi uliovutwa mchangani, nikakaa mahali pangu, nikainua mikono mitupu na kupiga makasia hewani, nikivuta kwa nguvu zangu zote.